Haki ya Wanaoishi Chini ya Mto

Tunapozungumza juu ya utajiri wa Katanga, kwa kawaida tunalitazama shimo. Panapochimbwa shaba, hapo tunaona mali, na hapo tunadai haki. Sisi wa Tshangalele hatuna shimo. Tuna ziwa, nalo ziwa lilizaliwa na kazi ya migodi.

Mto Lufira ulifungwa huko Mwadingusha, na mnamo 1930 umeme wake ukaanza kuendesha viwanda vya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo mali yake ilikuja kuwa ya Gécamines. Miaka ya karibuni mitambo 6 ya Mwadingusha imefanywa upya, yenye nguvu ya megawati 78, kwa fedha za mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula ulio karibu na Kolwezi. Maji yetu yanausaidia mgodi ulio mbali nasi, huku vijiji vingi vya kandokando ya ziwa vikilala gizani.

Tena mto hauleti maji peke yake. Uchafu wa viwanda vya Likasi hushuka kwa mto Panda, huingia Lufira na kutua ziwani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mikojo ya wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga ilikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi. Metali hizo zimepimwa pia katika samaki wa ziwa letu, na mama anayewanunua sokoni hawezi kuzitambua kwa macho.

Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au eneo la chifu ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 hiyo inalifuata shimo, haiufuati mto. Mvuvi anayepokea uchafu hahesabiwi.

Hata hivyo sheria hiyo imeacha mlango mmoja wazi. Kila kampuni inayochimba yapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake, na wawakilishi wa jamii hizo hushiriki kuisimamia fedha hiyo. Nani ameguswa kuliko anayekula samaki wa maji hayo?

Wengine watasema kwamba madai ya namna hii yatafukuza kazi. Hatuichukii kazi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa Gécamines, tuliona ukosefu wa mshahara unavyovunja nyumba. Lakini mshahara wa mmoja usilipwe kwa afya ya jirani yake.

Basi tunaomba mambo matatu. Wavuvi wapewe viti katika kamati za fedha hiyo. Maji na samaki vipimwe kila mwaka, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili. Na Tume za Haki na Amani za parokia zetu ziwafundishe waamini sheria hii, kifungu kwa kifungu, ili wanapokwenda mbele ya wakubwa waende wakijua wanachokidai.