KURUHUSIWA HOSPITALI SI KUTUPWA NYUMBANI

Imezuka dhana kwamba kazi ya hospitali humalizika pale daktari anapoandika kuwa mgonjwa ameruhusiwa. Dhana hiyo ni potofu, na wanaoumia kwayo ni wazee.

Mzee wa Tegeta aliyepooza kwa kiharusi hukabidhiwa ndugu zake pamoja na cheti cha dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Haulizwi mtu ni nani atakayemgeuza kitandani usiku asipate vidonda, choo kiko umbali gani, wala kama mkwe anayetarajiwa kumuuguza huondoka alfajiri kwenda sokoni. Baada ya majuma machache mzee hurudishwa wodini akiwa taabani. Hapo familia hulaumiwa!

Maswali hayo ndiyo kazi ya afisa ustawi wa jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuwafundisha wataalamu hao. Lakini tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, afisa huyo amegeuzwa mpimaji wa nani asamehewe deni na nani alipe. Mtaalamu aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi anashinda na makaratasi ya misamaha.

Wako wanaodai kwamba mzee wa namna hiyo apelekwe makao ya Nunge, Kigamboni. Hao wanasahau kuwa makao yale ni kimbilio la wasio na mtu, si ghala la wazee wenye watoto. Wengine husema matunzo ni jukumu la familia. Ni kweli, hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inalitambua jukumu hilo. Lakini nguzo isiyochimbiwa haisimami.

Kinachotakiwa kinaeleweka. Afisa ustawi amwone mzee siku anayolazwa, si siku anayoondoka. Azungumze na familia, aiarifu zahanati ya karibu na serikali ya mtaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, wapewe taarifa kabla mzee hajafika nyumbani. Kazi hiyo haihitaji mitambo kutoka ng'ambo. Inahitaji maafisa wa kutosha na amri ya kuwaachia wafanye kazi waliyosomea.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee miongoni mwa wachache wanaostahili kutunzwa kwa jasho la wengine. Lao walikwisha kulitoa. Kumtibu mzee kisha kumwacha mlangoni si kumtibu.