Wachumba wapime na selimundu

Kwa watoto wengi ugonjwa wa selimundu huanza na viganja na nyayo kuvimba. Mtoto amefikisha miezi sita au saba, analia usiku kucha, hataki kuguswa. Bibi anasema ni jicho la watu, jirani anasema ni baridi, na kabla majibu ya damu hayajatoka shangazi ameshauliza: kwao mama kuna ugonjwa gani?

Swali hilo huwaumiza wanawake wengi bure. Aina ya selimundu iliyoenea zaidi haimpati mtoto mpaka arithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, wote wawili. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, na kila mtu anazo nakala zake mbili, moja ya kuumeni na moja ya kukeni. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu huitwa mbebaji. Hulima, huzaa, huzeeka, na kwa kawaida haugui chochote cha kumshtua. Ndiyo maana ukoo unaweza kuapa kwamba kwao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, na ukasema kweli.

Hitilafu yenyewe ni ndogo mno. Katika mnyororo wa protini wenye viungo 146, kimebadilika kimoja tu, cha sita. Lakini hicho kinatosha: oksijeni ikipungua, chembe nyekundu iliyokuwa mviringo na laini hukakamaa na kujipinda kama mundu. Chembe nzima huishi siku zipatazo 120; hii huishi kati ya 10 na 20, ndipo mtoto huishiwa damu. Chembe zilizojipinda zikikwama kwenye mishipa midogo huleta maumivu ambayo hata mtu mzima huyapigia kelele.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kuzaa mbebaji, na asilimia 25 wa kuzaa asiyebeba kabisa. Kila mimba, tena upya. Wapo wazazi ambao, baada ya mtoto wa kwanza kuugua, hujipa moyo kwamba watatu wanaofuata wameshasalimika. Jeni hazikumbuki aliyetangulia.

Kwa nini basi hitilafu hii imejaa kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo akakuta wabebaji wengi mwambao na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja ya jeni yenye hitilafu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi mbu waliwaua wasiokuwa nayo, wabebaji wakabaki na kuzaa. Mwenye nakala mbili hapati nafuu hiyo. Malaria ni miongoni mwa vitu vinavyomuua haraka.

Leo Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Makanisa mengi yamezoea kuwataka wachumba wapime VVU kabla ya ndoa. Himoglobini ingepimwa siku hiyohiyo, na misikiti nayo ingehimiza vivyo hivyo. Bahrain na Saudi Arabia zilifanya kipimo hiki kuwa cha lazima kwa wanaotaka kuoana mwaka 2004, na Saudia wabebaji wawili wakishaelezwa bado wana hiari ya kuendelea na ndoa yao. Hivyo ndivyo inavyofaa: watu wajue, kisha waamue wenyewe. Kuwavunjia uchumba kwa nguvu kungekuwa ukatili mwingine.

Na wanaozaliwa wapimwe kisiginoni kabla ya kutoka hospitali. Siku hizi vipo vipimo vya haraka vinavyohitaji tone moja la damu na kutoa jibu kwa dakika chache. Mtoto akigundulika mapema huanzishiwa penisilini na kupewa chanjo kabla maambukizi hayajamkuta, na baadaye haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu. Dawa hiyo inapaswa kupatikana katika hospitali ya wilaya, anakoishi mtoto, asilazimike kupanda basi hadi hospitali ya taifa ya Muhimbili akiwa amekunjamana kwa maumivu.