Ubongo usiishie ubaoni
Katika sekondari moja huku Ngara nilimwona msichana akianguka mstarini asubuhi, mwili umemkakamaa, povu linamtoka. Wenzake wakarudi nyuma. Mmoja akakimbilia jikoni kuleta kijiko cha kumtia mdomoni. Hao hao wamechora ubongo kwenye madaftari ya Baiolojia, kila sehemu na jina lake. Nawaombea somo la hiari, vipindi viwili kwa wiki, la kuwaeleza kwamba kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, kwamba povu haliambukizi, na kwamba aliyeanguka hulazwa ubavu bila kutiwa kitu chochote kinywani. Wajue pia kuwa mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, lava wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa hicho hicho. Choo na maji ya kunawa ni kinga. Na saikolojia je? Aprili 1994 wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia huku Ngara ndani ya saa 24, wengi wakaishia kambi ya Benaco. Wazee walioyaona yale tunao, na wapo wanaoshtuka usingizini hadi leo. Mjukuu aliyelala chumba cha pili hajafundishwa neno kiwewe. Anasema babu ana mashetani.