Tongoni Mbili na Safari ya Nyangwe

Anayelala Tanga hapati shida ya kujua pa kwenda siku ya mapumziko. Asubuhi yuko mapango ya Amboni, kilomita chache tu kaskazini ya mji. Mchana anashika barabara ya Pangani hadi Tongoni, ambako gofu la msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 vimekaa jirani na bahari. Jioni amesharudi mjini, anachambua samaki. Yeyote mjini anaweza kumwonyesha mgeni njia.

Kuna Tongoni nyingine, na hiyo iko mbali sana na bahari: Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo. Maana ya jina ni ile ile, kwani tongo ni mahali palipohamwa. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Tippu Tip, kabla Kasongo haijahamia ilipo leo. Wanaakiolojia wamepachunguza, na makala yao ikatoka katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Kilomita hamsini na kitu kutoka hapo, kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba, ndiyo Nyangwe yenyewe. Msomaji wa London aliyefungua kitabu chochote cha habari za Livingstone amekutana na jina hilo. Je, ni wanafunzi wangapi wa Kasongo wanaomaliza sekondari bila kuikanyaga?

Wito basi ni kwa watu wa Kasongo, wa Nyangwe na wa Kabambare, na kwa ndugu zao waliotawanyika: wasimngoje mtalii kutoka ng'ambo. Watalii wa kwanza wawe wao wenyewe.

Cha kuona kipo, ila kinataka msimuliaji. Nyangwe ilikua tangu miaka ya 1860 kama kituo cha Waungwana na Waarabu waliotoka pwani kufuata pembe na watumwa. David Livingstone aliingia mwishoni mwa Machi 1871, karatasi zimemwishia na wino umemwishia. Akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Standard, akizikata herufi zilizochapwa kwa mistari ya wino aliotengeneza kwa mmea wa huko. Maandishi yale yalififia hata yakawa hayasomeki, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyafufua kwa kupiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali.

Aliandika mengi kuhusu soko. Lilikuwa likifanyika kila baada ya siku chache, na wenye soko walikuwa wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi wakiwa na vyungu, samaki, mihogo, kuku na mafuta ya mawese, wakipatana bei kwa kelele na vicheko. Tarehe 15 Julai 1871 walikuwapo watu kama 1,500. Watu wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe wakaja na bunduki, na mmoja wao akaanza kubishania kuku. Bei ya kuku! Muda si mrefu risasi zikalia. Waliokimbilia mtoni walijazana kwenye mitumbwi, mingine ikashindwa kutoka kwenye kijito, na wengi wakajitupa majini wakichukuliwa na mkondo. Livingstone aliandika kuwa Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliongeza nguvu ya madai ya kufunga soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Maandishi ya Livingstone hayana jina hata moja la wanawake wale.

Mengine yanajulikana. Msafiri Cameron alifika mwaka 1874, akanyimwa mitumbwi ya kuteremkia mto. Msafiri mwingine, Stanley, aliondoka Nyangwe Novemba 1876, akisindikizwa na Tippu Tip sehemu ya njia, akatokea Boma Agosti 1877. Machi 1893 askari wa kamanda Dhanis, chini ya bendera ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, waliiteka Nyangwe, na mwezi uliofuata wakaiteka Kasongo. Kilichobaki baada ya vita si magofu peke yake. Mpunga unaolimwa Maniema na misikiti ya Kasongo vinatokana na enzi ile. Hata Kingwana, Kiswahili cha huko, ambacho mama muuza sombe anatumia kupatana na mteja leo, kilipanda mto na kushuka mto kutoka vituo hivi viwili.

Ni historia inayouma, na hapa ndipo kazi ilipo. Wajukuu wa Waungwana na wajukuu wa waliouzwa wanaishi mtaa mmoja, wameoana, na zipo familia ambazo mambo haya hayasemwi mbele ya wageni. Mwongozaji akimfanya Tippu Tip shujaa, au akiwafanya askari wa Leopold wakombozi, bora njia ya kwenda huko ibaki na majani yake.

Tanzania imeshatangulia. Mwaka 2006 iliandikisha UNESCO, katika orodha ya awali, njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Orodha inaishia ziwani, kana kwamba misafara ilianzia pale. Mingi ilianzia huku Maniema. Kongo nayo ina mbuga na misitu mitano katika Urithi wa Dunia, kuanzia Virunga ya mwaka 1979, na kwa miongo yote hiyo haikuingiza hata sehemu moja ya historia ya watu.

Serikali ya jimbo ina wajibu wake, lakini salongo, kazi ya pamoja ya wenyeji, haihitaji amri kutoka makao ya jimbo, Kindu. Jumamosi moja kila mwezi inatosha kufyeka njia za kuingia Tongoni na ile ya kutoka soko la Nyangwe hadi mtoni. Kufyeka tu, kuchimba ni kazi ya wenye ujuzi na kibali. Jembe la mhogo likigonga kigae au ushanga, kipande kisiuzwe kwa mpita njia. Aliyekiokota aandike mahali na siku, akipeleke kwa shefu wake au shuleni, kwani mali za aina hiyo zinalindwa na sheria namba 71-016 ya mwaka 1971. Walimu wa historia wawape wanafunzi simu na swali moja la kumuuliza bibi au babu: hapa palikuwa pa nani? Wenye pikipiki na wenye mitumbwi wakubaliane nauli moja, ijulikane, mgeni asibishaniwe kama kuku.

Kabambare isiachwe nyuma. Livingstone alilala huko miezi mingi kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu. Pale usalama unaposumbua safari, kurekodi wazee kunawezekana bila mgeni hata mmoja.

Na wapo Wamanyema, wenye asili ya Maniema, wa Ujiji, Kigoma, Tabora na Buyenzi ya Bujumbura, pamoja na wale wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako msikiti wao bado unaitwa wa Manyema. Wengi wana jina la kijiji walilorithi na hawajui kiko upande gani wa mto. Wakiandikiwa, watakuja, na watakuja na masimulizi ambayo Kasongo haijawahi kuyasikia.

Siku ya kuanzia ni 15 Julai. Ni kiangazi, barabara imekauka na mto umepungua. Wanaotoka Kasongo waondoke alfajiri, wapitie Tongoni, wafike Nyangwe wakati akina mama wanapanga bidhaa. Wanunue kuku kwa bei atakayosema mwenyewe, kisha wateremke hadi majini pamoja na muuzaji, ikiwa ataridhia kuwaonyesha kijito.