Maji Kabla ya Saruji



Barua tunayoijibu leo imetoka mbali na pwani yetu, ingawa si mbali na maji. Ameiandika mama mmoja anayeishi Manyatta, Kisumu, upande wa ziwa. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 15, na mwaka huu amechaguliwa katika timu ya raga ya shule yake. Mwalimu wa michezo alimwambia maneno machache tu: mwili wake ni mwepesi, na hana budi kuongeza nguvu kabla ya mashindano. Kijana akayachukua maneno hayo kama amri. Aliokota makopo mawili ya rangi ya lita 4, akayajaza saruji na kokoto, akayaunganisha kwa bomba la chuma, na kila jioni akawa analala chali juu ya ubao nyuma ya nyumba akilisukuma bomba lile juu na kulishusha. Wiki ya pili akaona uzito hautoshi, akafunga na matofali kwa mpira wa tairi la baiskeli. Siku moja mikono ikamwishia nguvu. Bomba likamkalia kifuani, chini kidogo ya koo, naye yu peke yake. Jirani aliyekuwa akianua nguo ndiye aliyesikia mkoromo, akaja kumwondolea.

Alhamdulillahi, hakuvunjika kitu. Mama aliyatupa makopo na kupiga marufuku mazoezi. Kijana hakubishana, ila sasa anakwenda Kondele, kwenye chumba kimoja wanamoinua vyuma watu wazima, na majuzi amerudi na unga wa kujenga misuli ndani ya mfuko usio na jina wala maelezo. Mama anauliza mambo mawili: je, ni kweli kwamba kuinua vyuma humdumaza kijana asirefuke? Na je, alikosea kumkataza?

Bahati njema, safari ya arusi ilitupeleka Kisumu juma lililopita, tukapata kumwona mama huyu ana kwa ana. Tulipokuwa tumekaa uani, binti yake wa miaka 12 aliingia akitoka kwenye kioski cha maji, mtungi wa lita 20 kichwani. Akautua, akapumua, akarudi kuchukua wa pili. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; kwa hiyo mtoto yule alikuwa amebeba kilo 20 juu ya shingo yake, na hubeba hivyo kila siku. Hakuna hata mmoja wetu pale aliyeuliza kama yeye atadumaa. Tukatazamana na mama mwenye nyumba, akacheka kwa aibu kidogo. Nasi pia tuliona haya, kwa kuwa swali hilo hatujawahi kuliuliza hata huku kwetu Pwani.

Sasa tulijibu swali lenyewe. Hofu ya kudumaa haikuzuka bure. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya kijana kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Likivunjika, mfupa unaweza kukua vibaya, na wapo vijana walioumia hivyo kwa kuinua mizigo iliyowazidi au kwa kuangukiwa na vyuma. Lakini mazoezi yanayofanywa kwa utaratibu, kwa uzito unaomstahili mtoto na chini ya jicho la mtu mzima, hayadumazi. Ndio msimamo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, waliourudia mwaka 2020. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Na tuwe wa kweli: raga yenyewe, pale kijana anapokabwa kiunoni na mwenzake aliyemzidi uzito, humjeruhi mchezaji kuliko mazoezi ya vyuma yanayosimamiwa. Ikiwa tumemruhusu kucheza, kumnyima maandalizi ni kumpeleka vitani bila ngao.

Kwa hiyo tulimwambia mama huyu, kwa heshima, kwamba kutupa makopo alipatia, ila kukataza mazoezi alikosea. Mwanawe hakukaribia kufa kwa sababu ya uzito. Makopo yale mawili na bomba lake, kwa hesabu yetu, hayazidi sana kilo 20, sawa na mtaimbo mtupu wanaouanzia wanaume katika kunyanyua uzito kwenye Olimpiki. Kilichomponza ni upweke, pupa, na kule kulala chali chini ya chuma pasipo mtu wa kukipokea. Na marufuku haikumwondolea hata kimoja katika hivyo vitatu. Ilimhamisha tu kutoka nyuma ya nyumba hadi Kondele.

Saruji ina ila nyingine, nayo ni kwamba haipungui wala haiongezeki. Kopo likishakauka, kijana hana hatua ndogo ya kupanda. Yuko kwenye kilo 20 au yuko kwenye matofali. Mtungi wa maji ni mwalimu mpole zaidi. Achukue mtungi wa lita 10, autie lita 5, aukumbatie kifuani, achuchumae na kuinuka mara 10 hadi 15. Apumzike dakika mbili, arudie, kisha arudie tena. Akiweza mizunguko hiyo mitatu kwa siku mbili za mazoezi bila kuyumba, aongeze nusu lita, yaani chupa ndogo moja ya maji, ambayo ni moja ya kumi ya mzigo wake. Asizidishe zaidi ya hapo kwa mara moja. Mtungi ukijaa na bado ana nguvu, mchanga mkavu ni mzito kuliko maji. Aongeze pushapu, na kutembea akiwa ameshika mtungi kila mkono, mabega yakiwa nyuma. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na katikati iwepo siku ya kupumzika, maana misuli hujengeka mtu anapopumzika na kulala.

Jinsi ya kuinua kitu kutoka chini ndiyo sehemu ngumu kueleza kwa maandishi, na hapo uani tulipata mfano ambao kijana aliuelewa papo hapo. Tulimwomba asimame, ainame kama anayerukuu sawasawa, mgongo umenyooka, nyonga zimerudi nyuma. Kisha akunje magoti kiasi, ashike mtungi, na ainuke kwa nguvu ya miguu. Mgongo ukipinda kama upinde, uzito umekuwa mkubwa, apunguze maji. Pumzi itoke wakati wa kuinua, asiibane kifuani.

Na asilale chali chini ya kitu chochote kizito akiwa peke yake. Hili halina mjadala. Kupima mwisho wa nguvu zake, yaani ule uzito anaouweza mara moja tu, kungoje hadi mwili ukomae.

Baba wa kijana, aliyeketi kimya muda wote huo, alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine: kwamba kutunisha misuli ni riya, na ni mlango wa vijiwe vya mitaani. Wasiwasi wake hatuupuuzi. Lakini katika vitabu vya sira imesimuliwa kwamba wakati wa Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Samura bin Jundub na Rafi' bin Khadij walikuwa vijana wa miaka 15, wakarudishwa kwa udogo wao. Rafi' aliporuhusiwa kwa kuwa alikuwa hodari wa mishale, Samura alilalamika kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakashindanishwa, akamwangusha, naye akaruhusiwa. Nguvu za kijana ziliangaliwa kwa macho ya watu wazima, zikapimwa mbele yao, zikapewa kazi. Na ni maarufu katika hadithi sahihi kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Kijana ambaye nguvu zake zinatazamwa nyumbani hana haja kubwa ya kutafuta watazamaji kwingine. Baba alisema atalifikiria, na kwa wanaume wa rika lake tulihesabu hilo kuwa ni jibu jema.

Kuhusu ule unga tulikuwa wakali. Kitu kisicho na jina hakiingii kinywani mwa mtoto. Unga wa namna hiyo huweza kuchanganywa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na tangu Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016, Kenya ina chombo maalumu cha kushughulikia jambo hilo. Mbali na sheria, kuna swali la halali na haramu: nani amejua kilichosagwa mle? Kisumu haina njaa ya protini. Omena, ambao wengine huwadharau kwa udogo wao, huliwa na mifupa yao, kwa hiyo mlaji hupata protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Kuna maharagwe, mayai, maziwa lala, na uji wa wimbi asubuhi. Kijana anayefanya mazoezi aongezewe chakula, asiongezewe makopo.

Tumeliacha nyuma jambo lililotushughulisha kuliko yote. Katika mazungumzo mama alitaja, kama kitu cha kupita, kwamba mtoto wa dada yake ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Tukamuuliza kama wanawe wamepimwa. Hawakuwa wamepimwa. Selimundu huonekana zaidi mahali penye malaria tangu zamani, kwa kuwa mwenye kurithi chembe yake kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana umeenea pande za ziwa na pia huku kwetu Kilifi. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe asianze mazoezi mazito bila daktari wake. Aliyerithi upande mmoja tu si mgonjwa na anaweza kucheza, ila kujichosha kupita kiasi katika joto akiwa na kiu kunaweza kumhatarisha kuliko wenzake. Tuliwasihi waende hospitali ya rufaa, ile ambayo wenyeji wa Kisumu wamezoea kuiita Russia, wakapimwe damu, kijana na dada yake. Mzazi mwenye mtoto mwenye pumu au aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo afanye vivyo hivyo kabla ya mtungi wa kwanza.

Na yule binti wa miaka 12? Yeye alitaka kujua kama mazoezi ni ya kaka peke yake. Si ya kaka peke yake. Wasichana huumia kano za goti zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na miguu iliyoimarishwa hupunguza hatari hiyo. Hijabu si kizuizi tena: mwaka 2011 Shirikisho la Kimataifa la Kunyanyua Uzito lilibadili kanuni zake za mavazi baada ya ombi la Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan aliyetaka kushindana akiwa amejisitiri, na mwaka huohuo aliiwakilisha Pakistan katika mashindano ya dunia mjini Paris. FIFA iliruhusu hijabu mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Tulimwomba mama jambo moja tu: mitungi ya kioski wagawane, kaka na dada, kwa kuwa hiyo nayo ni mazoezi.

Juzi usiku mama alitupigia simu. Baba ndiye anayekaa uani na birika lake la chai baada ya Alasiri, Jumanne, Ijumaa na Jumapili, akihesabu. Kijana yuko kwenye lita 6. Majibu ya damu yametoka: binti yu salama, na kijana amerithi upande mmoja. Mama alilia kidogo kwenye simu, nasi tukamngoja. Kisha tukamwambia amweleze mwalimu wa michezo kwa maandishi, kijana anywe maji kabla na baada ya mazoezi, asilazimishwe kukimbia hadi kuanguka, apumzike anapokuwa na homa. Na Ramadhani ikifika, mazoezi yahamie baada ya kufuturu. Ajue hali yake tangu sasa, maana siku ya kuposa ataihitaji habari hiyo pia.

Maswali yenu kuhusu mavazi ya michezo ya mabinti yamekuwa mengi. Tutayajibu juma lijalo, inshaAllah.