Kichanga akigoma ziwa, usingoje shingo ikakamae

Mtu mzima akipata homa ya uti wa mgongo, shingo hukakamaa na kichwa humuuma. Kichanga wa siku 5 mara nyingi hana dalili hizo. Hulala mno, hugoma ziwa, hulia kwa sauti nyembamba, mwili huchemka au, jambo linalowapoteza wazazi wengi, hupoa. Utosi unaweza kuvimba. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje degedege.

Bakteria wanaousababisha kwa umri huo ni pamoja na streptokokasi wa kundi B na E. koli. Wanaweza kuishi mwilini mwa mama bila kumsumbua, na mtoto akawapata wakati wa kuzaliwa. Klebsiela huweza kuingia kupitia mikono na vifaa visivyo safi, hata wodini. Kumwambia mama hakujitunza ni kumwonea.

Daktari ataomba kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Hapo ndipo baadhi ya familia hukataa, zikihofia mtoto atapooza. Sindano hiyo huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni umeshaishia. Kinachoacha ulemavu na uziwi ni ugonjwa wenyewe, hasa ukicheleweshewa dawa.

Matibabu ni antibiotiki za sindano, kwa kawaida siku 14 hadi 21. Siku ya 3 mtoto anaweza kuwa ananyonya vizuri, na nyumbani wanauliza mnarudi lini. Dozi ikikatizwa hapo, ugonjwa unaweza kurudi.