Mbegu za Wanyonge Zimesomwa. Je, Zitafika Todonyang?

Msomaji wa Pwani akilisikia jina la Todonyang, aghalabu hulisikia katika taarifa za mauaji. Ni kijiji kilichoko ncha ya kaskazini ya nchi yetu, kando ya Ziwa Turkana, karibu kabisa na mpaka wa Ethiopia, zaidi ya kilomita 150 kutoka mji wa Lodwar. Mnamo Mei 2011 waliuawa huko watu zaidi ya 20. Februari 2025 wavuvi wa Kiturkana walishambuliwa mpakani, na wengi wao hawakurudi makwao. Leo nataka kulitaja jina hilo kwa habari nyingine kabisa, nayo ni habari ya kunde.

Huenda msomaji akacheka. Kunde ni kitu gani hata kiandikiwe makala? Sisi tumezoea mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, na mwezi wa Ramadhani kunde na pojo hazikosi jikoni. Tunakula, tunashukuru, tunasahau. Kusahau huko ndiko kulikozipata kunde, mbaazi, fiwi na njugu mawe hata katika afisi za kilimo. Kwa miaka mingi fedha za utafiti zilikwenda kwenye chai, kahawa, mahindi na ngano. Mazao ya mama wa shamba dogo hayakuwa na msemaji, na ndiyo maana wataalamu wenyewe wameyapa jina la mazao yatima.

Jina hilo lafaa litutie haya, maana sisi twajua yatima ana haki gani. Tena mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, walipoandika juu ya zaka ya mazao waliziweka kunde, adesi na dengu safu moja na ngano na mchele, kwa kuwa ni vyakula vinavyomlisha mtu na kuwekeka akiba. Wao walizipa hadhi zamani. Waliozivua hadhi hiyo ni watu wa siku hizi.

Lakini mambo yameanza kugeuka, na mageuzi yenyewe yanatokea hapa hapa Afrika Mashariki. Ndani ya kila chembe ya mmea mna maandishi ya urithi, yanayouambia mmea uchanue lini, uvumilie kiu kadiri gani, na mbegu yake iwe laini au ngumu. Maandishi hayo yote kwa jumla huitwa jenomu. Kuyasoma kulikuwa kazi ya gharama kubwa, iliyofanywa katika maabara za nchi tajiri kwa mazao ya nchi tajiri. Mwaka 2011 ilitangazwa jumuiya ya kuyasoma mazao yatima 101 ya Afrika, na makao ya kazi hiyo yakawa Nairobi, katika kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto, ICRAF. Mwaka 2013 kikafunguliwa hapo chuo cha kuwafundisha Waafrika wanaozalisha mbegu namna ya kuitumia elimu hii.

Matunda yake yameonekana. Jenomu ya mbaazi ilitolewa mwaka 2011 na wataalamu walioongozwa na taasisi ya ICRISAT ya India. Mwaka 2019 ikatolewa ya kunde, na mwaka huo huo jumuiya ya mazao yatima ikachapisha usomaji wa kwanza wa njugu mawe na fiwi. Kisha mwaka 2023 fiwi ikasomwa upya kwa ukamilifu zaidi, na kazi hiyo iliongozwa na Waafrika, wengi wao wakiwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, mjini Nairobi. Walikuta jeni zaidi ya 30,000 katika mafungu 11 ya urithi. Tena walithibitisha kuwa fiwi ilitolewa mwituni ikafanywa zao la shamba mara mbili, katika nasaba mbili mbalimbali: moja maganda yake yana mbegu mbili, na nyingine mbegu nne. Ile ya kwanza ilionekana Ethiopia, nchi ambayo mtu wa Todonyang huiona kwa macho yake.

Hapa yafaa niondoe shaka moja. Kusoma urithi wa mmea si kuubadilisha. Ukishajua alama ya kiu iko wapi katika maandishi yale, wawapandisha mbegu wazazi wawili kwa njia ile ile ya chavua, kisha wachukua kipande cha jani la mche mchanga, wakipima, na kuuacha mche usio na alama uitakayo. Zamani mzalishaji alingoja mmea ukue, uzae, uvunwe, ndipo ajue kama amepata au amekosa, akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Sasa hukumu yaweza kutolewa mche ungali na majani machache. Faida iliyo kubwa ni kupungua kwa miaka ya kungoja.

Na Turkana hawana miaka ya kungoja. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima haifiki milimita 250 kwa wastani, na tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha. Watu wengi huku kwetu hudhani Mturkana ni mchungaji tu asiyejua jembe. Sivyo. Kando ya mito ya Turkwel na Kerio watu hulima mtama, na kunde hupandwa pia. Ng'ambo ya mpaka, Wadasanech, ambao Waturkana huwaita Merille, walikuwa wakipanda mtama na jamii ya maharage kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko ya Mto Omo. Bwawa la Gibe III lilipoanza kujazwa mwaka 2015, mafuriko yale ya kila mwaka yakakatika. Mbegu iliyozoea matope ya Omo ikikosa kupandwa miaka michache, hufa ghalani, na maandishi yake ya urithi hufa nayo. Hakuna mashine iwezayo kusoma kitabu kilichokwisha kuungua.

Basi swali langu ni hili: maandishi haya yanasomwa kwa ajili ya nani? Mzalishaji akiulizwa na mfanyabiashara, atatafuta mbegu kubwa, nyeupe, za kuuzwa nje. Akiulizwa na mama wa Todonyang, atasikia mengine. Mama yule ataka mmea utakaokomaa kabla unyevu haujakauka ardhini. Ataka majani ya kupika mboga kabla ya maganda kukomaa, na mabua ya kuwapa mbuzi baada ya mavuno. Ataka mbegu isiyotobolewa na fukusi. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, mama ataongeza jambo ambalo wataalamu wengi hulisahau: ataka mbegu iivayo upesi. Njugu mawe na fiwi zikikauka huhitaji kuchemshwa muda mrefu, na kuni za Kakuma zimewagombanisha wakimbizi na wenyeji mara nyingi. Mbegu iivayo kwa nusu ya kuni ni amani kidogo kati ya majirani.

Halafu kuna neno la haki. Sheria ya mbegu ya Kenya, baada ya kurekebishwa mwaka 2012, ilimfanya mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa mkosaji, na adhabu ilifika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Yaani bibi aliyezitunza kunde za ukoo wake miaka arubaini, akimpa jirani kibaba kwa kubadilishana, alikuwa mvunja sheria! Wakulima walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Ni hukumu ya kushangiliwa. Bila mabibi hao, wataalamu wa Nairobi wasingekuwa na cha kusoma.

Sisemi kunde zitazima bunduki za Todonyang. Ugomvi wa samaki, malisho na mpaka wataka serikali mbili zikae na kusema kweli. Nisemalo ni kwamba elimu imekwisha kupatikana, na hatari sasa ni kuiacha ibaki katika majarida. Yafaa benki ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga ipeleke watu kaskazini wakakusanye kunde na fiwi za pande zote mbili za mpaka kabla hazijapotea. Yafaa serikali ya kaunti, huko Lodwar, itenge mashamba ya majaribio kando ya Turkwel, na akina mama ndio wawe waamuzi wa mbegu ipi inafaa. Yafaa kila aletaye mbegu mpya aandike pia ya zamani ilitoka kwa nani.

Nasi watu wa Pwani tuna sehemu yetu. Mashamba ya Kilifi na Kwale nayo yana mbaazi na kunde zisizoandikwa popote, na vijana wetu wanazidi kuziona ni chakula cha kimaskini. Mwenye mbegu ya bibi yake na aipande msimu huu, asingoje mvua ijayo.